Nilisema Sukari Tu

Mjukuu wangu Salma,

Salamu kutoka Kuze. Sote tu wazima, ila nyanya yako ana kikohozi. Waniuliza umwambieje babako makatazo ya daktari.

Miaka ya sitini, nikiwa karani kijana, nilimpeleka mamangu, mgonjwa wa sukari, kwa daktari Mzungu, nikawa mkalimani. Alikataza sukari, halua, tende na asali. Nilipouona uso wa mama niliogopa atanuna, nikasema sukari tu.

Akaiacha kabisa. Chai akaitia asali, kijiko juu ya kijiko.

"Mama, punguza."

"Ewe karani, Mzungu wako kasema sukari. Asali ni dawa!"

Hata hapo sikumwambia ukweli. Hakumaliza mwaka, tukamzika.

Mtajie babako vyote, kimoja kimoja, hata akinuna.

Babu yako akuombeaye afya