Fimbo Iliyobaki Mlimani

Denver, 3 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Sisi wazima. Kwenye simu hunisikii, ndiyo maana naandika.

Jumamosi nawapandisha watoto Mlima Harlan mpaka kileleni. Nataka uchome majina ya Tess na Hank kwenye fimbo ya ukoo, chini ya langu, ukiwa bado unaweza kushika msumari wa moto mwenyewe. Najua Hank ana miaka sita tu, lakini mimi nilifika nikiwa na saba, na mpaka leo hujaacha kutamba. Usinikatalie.

Binti yako,
Colleen

Pueblo, 6 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga inalia kama mlango wa banda. Hank mpe pole yangu, ana miguu mifupi na mama mwenye makuu. Ningekuwa wewe ningemwacha mpaka mwakani, lakini ukishaamua nani akuzuie?

Basi sikia. Ondokeni gizani, na ikifika saa sita mchana mgeuke, mmefika hamjafika. Radi ya Agosti haina adabu. Fimbo anakuletea jirani yangu Dolores. Itunze, aliichonga babu yangu.

Baba yako

Denver, 11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Tuko wazima wote watatu. Nimeanza na hilo ili usome mengine umetulia.

Hatukuondoka gizani. Tulisubiri mgahawa wa pale chini ufunguliwe, maana ndivyo ulivyotulea: hakuna mlima bila chapati za maji na asali. Saa sita ikatukuta tumeiacha miti chini, kilele tunakiona. Nikasema bado kidogo tu.

"Mama, Babu alisema saa sita," Tess akanikumbusha.

"Babu hayupo hapa. Twende."

Mara Hank akaangua kicheko. "Tess, we! Nywele zimekusimama kama paka!"

Nikageuka. Zilikuwa zimesimama kweli, na fimbo mkononi mwangu ikaanza kuvuma kwenye ile ncha ya chuma. Nikajua radi imetukaribia. Baba, niliitupa. Nikambeba Hank, nikamkamata Tess mkono, tukateremka mbio. Radi ikapiga nyuma yetu kabla hatujaifikia miti. Tess alilia, na mimi nililia. Hank aliuliza kama tutarudia kesho.

Sikuwa na moyo wa kurudi kuitafuta. Majina ya watu wetu wote nimeyaacha kwenye mawe, na la Mama pia. Niandikie, hata kama ni kunifokea.

Binti yako,
Colleen

Denver, 25 Agosti

Baba,

Shikamoo. Kila siku nafungua sanduku la barua, halina kitu. Dolores anasema unajifungia kwenye karakana na hutaki mtu aingie. Kama umenikasirikia, niambie tu. Kimya chako kinanitesa kuliko ile radi.

Colleen

Pueblo, 30 Agosti

Mwanangu Colleen,

Marahaba. Nikukasirikie kwa lipi? Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikalia kwa shukrani, mzee mzima. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Fimbo ni mti, na miti ya Colorado haijaisha. Jina la mama yako nalijua bila kulisoma popote.

Lakini chapati, mwanangu! Chapati tulikuwa tunakula tukishashuka! Kupanda tulipanda na mkate mkavu, wewe umelala mgongoni kwangu nusu ya njia. Ndiyo, nusu ya njia. Hilo huwa silisimulii.

Nimechelewa kwa sababu mikono inatetemeka na kuchonga kumekuwa kazi. Dolores anakuja na fimbo mpya. Haina chuma, na ni fupi, kimo cha Hank. Jina lake nimelichoma kwanza, maana ndiye aliyeziona nywele. La Tess nitalichoma mbele yake, kwa kuikumbuka saa sita. La kwako litafuata, kwa kutupa kilichostahili kutupwa.

Njooni nayo Jumapili, na mje na njaa. Mmeshashuka, sasa chapati ni haki yenu.

Baba yako