Kushuka Penye Mlima

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Daftari hili binti yetu Lydie alinipa niandike mazoezi ya baba yake. Kurasa mbili za kwanza nimeandika: kuinua goti, kufungua vidole, kusimama ukishika ukuta. Kurasa zinazobaki ni zangu. Mwalimu aliyestaafu akiona ukurasa mweupe, mkono unamwasha.

Leo Étienne, yule wa mazoezi kule Mudzi-Pela, amempigia Lydie simu. Anasema mguu wa kulia wa mume wangu Fulgence ukikaa nyumbani hadi Noeli bila kufundishwa, basi. Hautaamka tena. Anamtaka mara tatu kwa wiki, tena kule kwake, penye vyuma vya kushikilia. Sisi tuko Nyakasanza! Gari haifiki kwetu, mvua imekula uchochoro wote, umebaki ubao tu juu ya mfereji. Kwa hiyo ni moto, pikipiki ya kukodi. Mji huu kila kitu kinakwenda kwa moto — wanafunzi, wagonjwa, mbuzi, vitanda, hata majeneza.

Fulgence amekataa. Hakupiga kelele. Alitazama baiskeli yake ya abiria iliyoegemea ukuta, akasema polepole, maana mdomo bado unamvuta upande:

— Miye nilibeba batu miaka makumi tatu. Sibebwake.

Mwezi wa sita, siku alipopooza, wanaume wanne walimbeba hadi barabarani kama godoro. Majirani wote walitoka kutazama. Hilo hajalisahau, na ananiambia kwamba mimi nimelisahau.

Na mimi mwenyewe? Nina miaka hamsini na tisa na sijapanda moto hata mara moja. Watu hawaamini. Lakini mke wa Fulgence wa baiskeli angepandaje moto ya mtu mwingine? Ingekuwa kama kwenda kula kwa jirani huku chungu chako kimejaa. Alipokuwa mzima tulikwenda kwa baiskeli. Alipougua nikawa ninatembea.

Nitajifunza mimi kwanza. Nikiweza, atakosa la kusema.

Jumanne, 2 Septemba

Mwalimu wangu ni jirani Régine, muuza samaki wa Tchomia. Yeye hupanda moto na mabeseni mawili, na simu sikioni. Amenipeleka kwenye parking, pale motards, madereva wa moto, wanapongoja wateja. Nilidhani unapanda tu ya kwanza. Wapi! Régine anasema usimtazame anayekuita kwa nguvu. Tazama tairi lake la mbele, kisha tazama miguu yake. Aliyevaa kandambili usipande.

Basi tukapita tukitazama miguu ya wanaume, sisi wanawake wazima. Tukampata Blanchard. Ana kama miaka arobaini, viatu vya ngozi, gilet ya njano iliyofifia juu ya shati, na hasemi sana. Nikampenda kwa kutokusema.

Nikapanda — upande wa kulia! Ndiko kuliko bomba la moshi. Sasa nina alama ya kuungua kwenye shavu la mguu, kubwa kama kizibo cha chupa. Régine akacheka, akainua kitenge akanionyesha zake. Anazo tatu. Anasema sasa ndiyo nimekuwa mtu wa Bunia. Kumbe miaka mitano yote hii tangu tuhamie hapa nilikuwa bado mgeni.

Kanuni: unapanda kushoto. Daima kushoto.

Tulifika rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, tukarudi. Mji sikuuona, nilifumba macho.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda sokoni peke yangu. Macho wazi, zaidi ya nusu ya njia.

Blanchard amelalamika, kwa adabu. Kila kona mimi ninajinyoosha upande wa pili, moto inamkatalia. Nimeona aibu. Jambo hili nililijua zamani! Mwaka wa kwanza wa ndoa, kule kwetu Djugu, Fulgence alinifundisha: kaa kama gunia la maharagwe, gunia haligombani na baiskeli. Nikajifunza kuwa gunia. Nilikaa upande, nyuma yake, madaftari ya wanafunzi mapajani. Nilisahihisha imla njiani huku yeye anakanyaga. Mistari yangu myekundu ilipinda hivi na hivi, hadi mzazi mmoja akamuuliza mkurugenzi wa shule kama mwalimu Angélique anakunywa.

Shati lake lilinuka sabuni na mafuta ya mnyororo. Hakugeuza kichwa kamwe. Tuliongea kwa mkono: nikimgusa mgongoni mara moja, nenda pole pole. Mara mbili, simama. Miaka thelathini ya ndoa, na nadhani ugomvi wetu mwingi ulitokea siku ambazo hatukupanda baiskeli.

Ninakumbuka sana leo. Sijui kwa nini harufu ya petroli inirudishe kule.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeaibika mbele ya mji mzima.

Nilitaka nione njia yote hadi kwa Étienne, ili siku ya Fulgence nisishangae. Tulikwenda vizuri. Kona zote nilikuwa gunia. Blanchard hata akaanza kuongea, jambo la ajabu — ananisimulia mtoto wake wa pili anavyoogopa kinyozi. Tukafika pale njia inapoanza kupanda kwenda Mudzi-Pela. Kuna shimo, akapunguza mwendo.

Nikashuka.

Sikufikiri. Miguu yenyewe ilishuka. Kwetu, ukifika chini ya mlima, anayebebwa anashuka. Hangoji kuambiwa. Mwanamke aliyebaki amekaa huku mume anapanda mlima na mzigo, watu walimsema wiki nzima. Unashuka, unaweka mikono nyuma ya kiti, unasukuma. Kwa hiyo nikashuka, nikaweka mikono mbele — na moto haipo! Blanchard amekwenda, anaendelea kumsimulia habari za kinyozi mtu ambaye hayupo. Nami nyuma ninapanda mlima mikono imenyooshwa, ninasukuma hewa. Wanawake wauza mandazi walikaa chini kwa kucheka.

Alirudi mbio, uso umebadilika.

— Mama, ulianguka?

Nikamwambia sikuanguka, nilishuka, maana tulifika mlimani. Akanitazama sana. Hakucheka, Mungu ambariki. Akazima moto.

— Mama, moto haichokake.

Hapo nikalia. Si kwa aibu. Nilikumbuka mlima wetu wa misioni, ule wa kwenda shuleni kwangu. Nilisukuma hadi katikati, kisha Fulgence aliniambia niache, akamalizia peke yake. Nilipofika juu nilimkuta amenipa mgongo, ameinama, anakaza mnyororo. Kila siku mnyororo! Miaka kumi niliamini ana mnyororo mbovu. Kumbe alikuwa anahema, hakutaka nimwone.

Sitamwambia Fulgence habari ya leo.

Jumapili, 7 Septemba

Régine amemwambia. Alisikia kwa wauza mandazi, akangoja nirudi misa, akaingia na sambaza, vile visamaki vidogo, kwenye sahani na akasimulia yote, na mikono, na mwendo wangu. Nilitaka ardhi inimeze.

Fulgence alicheka! Tangu mwezi wa sita sijasikia sauti ile. Alicheka kwa nusu ya mdomo, machozi yakatoka jicho moja. Lydie alikimbia kutoka jikoni, akadhani ni kiharusi kingine.

Kisha Régine akaenda, nyumba ikatulia. Fulgence akaniuliza kama ni kweli nilishuka. Nikasema kweli. 

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua. Mazoezi ya ukutani tu. Alisimama hadi nikahesabu kumi na moja.

Jumatano, 10 Septemba

Ananiuliza maswali, akijifanya ni ya kupitisha muda. Huyo Blanchard anafunga breki mapema, au anangoja shimo? Kwenye tope anashusha mguu mmoja au yote miwili? Moto yake inalia namna gani? Nikajaribu kuiga mlio. Akasema hiyo ninayoiga ni mashine ya kusaga.

Lydie ananikonyeza. Nimemwambia asimguse, asimsukume. Baba yake ukimvuta anarudi nyuma, tangu zamani.

Ameuliza pia walipokaa wale wauza mandazi. Chini ya mlima au katikati? Swali gani hilo! Nikamjibu chini kabisa.

Jumamosi, 13 Septemba

Blanchard amekuja nyumbani. Nilimwomba asije kama motard, aje kama mgeni. Aliacha moto mbele ya mlango, akanywa chai, akamwita Fulgence muzee. Wakazungumza mvua, wakazungumza barabara ya Tchomia. Mimi nilijifanya ninachambua mchele.

Baada ya chai Fulgence akaomba kiti chake kitolewe nje. Akaitazama ile moto kama mtu anayenunua ng'ombe. Akainama kwa shida, akaweka mkono wa kushoto kwenye mnyororo, akauchezesha.

— Iko inalegea. Na unabebaka muke yangu na hii?

Blanchard, mtu mzima, akainamisha kichwa kama mwanafunzi wangu. Fulgence akamtuma kuchukua funguo za kukazia nati kwenye mfuko wa baiskeli. Zipo zote, zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Robo saa nzima: kaza, legeza, zungusha tairi, kaza tena. Mkono wa kushoto ulionyesha, mikono ya Blanchard ilifanya. Mwishoni Fulgence akajipangusa mkono kwenye suruali kama alivyofanya kila jioni ya maisha yetu. Nilimwona kijana niliyemwoa — hapana, aliyenioa! Naandika vibaya kwa furaha.

Akamwambia Blanchard aje Jumatatu saa mbili. Hivyo tu. Kisha akaomba alale.

Nimemwandikia Étienne ujumbe kwamba tutafika saa tatu.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika njiani, nimeweka daftari gotini. Nililibeba kwa ajili ya mazoezi ya Étienne. Niandike haraka.

Asubuhi Lydie alimfungia baba yake mguu wa kulia kwa kitenge kizito, mara tatu, kwa sababu ya bomba. Mguu ule hausikii, ungeungua bila kujua. Blanchard alishika moto, mimi nikauinua mguu, nikaupitisha juu ya kiti. Fulgence alitazama mbali wakati wote. Majirani nao — niseme kweli — walitazama mbali, hata Régine.

Akakaa katikati. Mimi nyuma, nimemzungushia mikono. Nyuma yake tena! Mgongo umekonda, mifupa yake ninaijua mmoja mmoja. Harufu ya mafuta haipo, iliyopo ni dawa ya kuchua. Lakini tulipofika kona ya kwanza aliinama nayo vizuri, kama hakuugua kamwe. Sote watatu tukawa gunia moja. Nililia kidogo kwenye shati lake. Najua alihisi, hakugeuka.

Tukafika chini ya mlima. Hapo nikaona mkono wake wa kushoto unapanda. Akamgusa Blanchard mgongoni. Mara mbili.

Blanchard akasimama bila kufundishwa. Fulgence akasema ashushwe. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, tumefika mlimani. Blanchard akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema kwa upole:

— Papa, moto haichokake.

— Najua. Lakini huyu muke alishukaka kila siku. Leo ni zamu yangu.

Nikataka kushuka nami. Akanikataza kwa kidole, kile cha zamani, cha kuamuru. Weye ubakie, akasema. Basi nikabakia. Mimi peke yangu juu ya moto kama mke wa gavana, Blanchard ameshika usukani, anaisukuma huku akitembea, bila kuiwasha. Mbele yetu Fulgence na fimbo yake. Mguu wa kushoto, fimbo, mguu wa kulia unaburutwa na kile kitenge chake. Kama hatua ishirini. Akapumzika. Kumi na tano. Akapumzika. Wauza mandazi leo hawakucheka. Mmoja alisogeza beseni lake apite.

Saa tatu imepita. Étienne amepiga simu mara mbili. Nimjibu nini — kwamba mguu uko njiani, unakuja wenyewe? Blanchard ananiuliza chinichini kama awashe, tumchukue kabla hajaanguka. Mimi ninaogopa. Ninaona goti lake linatetemeka kutoka hapa. Nimemwambia Blanchard angoje.

Tuko katikati ya mlima, kama pale ambapo yeye, kwenye ule wa misioni, aliniambiaga niache kusukuma. Amesimama tena. Ametupa mgongo, ameinama juu ya fimbo, mkono wa kushoto uko kwenye mguu. Anatuambia tusiwe na haraka, anafunga kamba ya kiatu.

Amevaa sandali.