Ufito wa Shangazi na Sentimita Zangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada, ila kwanza ujue ni nani anayekuomba, maana barua ya mtu kama mimi huipati kila wiki: mimi ndiye seremala ambaye mbao zikimwona zinajinyoosha zenyewe, misumari inaingia kwa heshima bila kugongwa mara ya pili, na mchwa wakisikia kabati nimelitengeneza mimi wanahamia la jirani. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme iliniacha yenyewe, lakini hesabu ninazo kichwani na rula ya shule bado ninayo mfukoni.

Nafanya kazi kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, ndiye fundi, ndiye mwenye karakana na ndiye mwenye kelele. Ni mfupi, penseli haitoki nyuma ya sikio lake hata akienda msibani, na vitanda vyake watu wanavilalia wanasahau kuamka. Ugomvi wetu ni mmoja tu, yeye ni mtu wa futi na inchi, mimi ni mtu wa sentimita. Nikimwambia, "Shangazi, ubao huu ni sentimita arubaini na tano," anajibu, "Hizo kawapimie sisimizi, mimi nipe inchi." Namwambia inchi ni za watu waliozaliwa kabla ya umeme, naye akaanza kuniita Sentimita mbele ya wateja, sasa mtaa mzima unaniita hivyo na mimi najifanya nimenuna.

Tepu tunayo, inchi upande huu, sentimita upande ule, lakini haitaki, anasema kile kichwa cha chuma cha tepu kinacheza kama changu. Kipimo chake ni ufito wa futi tatu aliouchonga mwenyewe alipoanza kazi, umepigwa alama za inchi ingawa zile za mwisho zimefutika kwa kushikwashikwa. Urefu wa kitanda hausomi namba, anaulaza ufito mara ya kwanza, anaulaza mara ya pili, futi sita hizo, anakata huku anaimba.

Sasa mshauri, miezi miwili hii hakuna nyimbo. Kitanda cha muuguzi kilirudi, godoro la futi sita limegoma kuingia, limejikunja mgongo kama paka aliyeona mbwa. Nikamwambia muuguzi godoro lako limevimba kwa unyevu. Kikarudi cha kinyozi, kikarudi na cha mwalimu, na huyo mwalimu hakutaka kusikia habari za kuvimba. Shangazi akaulaza ufito, mara moja, mara mbili, futi sita. Akaweka godoro, halikuingia. Nikachukua tepu nikapima upande wangu, nikasema sentimita mia na themanini.

"Ndiyo futi ngapi hizo?"

"Sita, Shangazi. Sita kamili."

Akacheka kidogo, akasema, "Unanisitiri, mwanangu. Asante. Ila ufito huu haujanidanganya tangu sijaolewa, kwa hiyo mwongo ni mimi. Mkono unaruka na macho yanaona yanachotaka."

Akaitoa penseli sikioni akaiweka juu ya meza ya kazi, na haijarudi. Siku hizi anakaa mlangoni anapiga msasa miguu ya stuli, kazi ya wanaoanza, mteja akija anamwambia, "Muulize Sentimita, mimi nimeshazeeka." Jumamosi hii atanikabidhi funguo za karakana, yeye akakae kwa mdogo wake, eti asije akamharibia mtu kitu cha maana. Juzi nilimwambia Shangazi wewe bado kijana, akasema kijana ni wewe, na akanimegea nyama yake kubwa kama ninavyomegewa tangu nina miaka saba, na nikairudisha kwenye sahani yake, mimi ambaye hakuna chakula kimewahi kunishinda.

Nilikaa kuandika nikuulize nimfundisheje sentimita mtu wa umri wake, na nimejaza ukurasa huu wote nikizunguka. Ukweli ni kwamba siku moja hayupo niliugeuza ule ufito, mgongo wake ulikuwa mtupu, nikataka kumfurahisha, nichore sentimita zangu huko ili tuwe na kipimo kimoja nyumba moja. Nikachora vizuri sana. Kwenye rula ya shule futi moja inaishia thelathini, kwa hiyo futi tatu ni tisini, lakini nilipofika tisini nikakuta ufito unaendelea kidogo, upana wa kidole. Nikasema aliyeuchonga alikosea. Nikakikata kile kidole, nikapiga msasa, nikapaka mafuta machafu palepale pasionekane papya. Aliporudi akaziona namba zangu akacheka, akasema haya, umepata shamba lako. Wiki iliyopita ndipo nilipoitazama tepu pande zote mbili kwa pamoja, nikajua, na mpaka leo sijamwambia.

Sentimita

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Sentimita. Nimecheka kwa muuguzi, nikaacha kucheka kwa mwalimu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa unazo kichwani. Futi moja ni sentimita thelathini na nusu hivi, siyo thelathini. Rula yako ya shule iliishia thelathini kwa sababu ilikuwa fupi, kama masomo yako. Ile nusu ukiipuuza mara sita, kitanda kinapungua kwa karibu sentimita tatu, na godoro halibembelezwi.

Kukata vibaya nakusamehe. Ulimtakia mema, na hakuna fundi ambaye hajawahi kuharibu ubao. Nisichokusamehe ni hii wiki moja. Ulikwishajua, ukamwacha mwanamke aliyekulea akae mlangoni akiyashuku macho yake mwenyewe. Alikushukuru kwa kumsitiri, nawe ile asante bado unayo mfukoni. Kila siku unayonyamaza unamwongezea uzee ambao hana.

Kwa hiyo Jumamosi isikukute. Kesho asubuhi, kabla hamjawafungulia wateja mlango wa karakana, mwambie: "Shangazi, ufito niliukata mimi." Maneno hayo tu, bila mchwa, bila misumari ya heshima. Kisha laza ufito kando ya tepu, upande wa inchi, siyo upande wako, asome mwenyewe. Ataona inchi thelathini na tano na nusu kasoro, mahali palipotakiwa kuwa thelathini na sita. Hapo hutahitaji kumweleza chochote, fundi ataelewa kabla yako. Ukianza kujitetea utaharibu.

Akishaelewa, mwombe achonge ufito mwingine. Yeye ndiye apige alama, wewe ushike ncha, na msumeno usiuguse mpaka uambiwe. Halafu beba mbao nenda kwa muuguzi, kwa kinyozi na kwa mwalimu, badilisha mbavu za vitanda kwa mikono yako, na uwaambie kwamba godoro halikuvimba. Funguo zikiletwa, zirudishe kwa mikono miwili. Karakana siyo zawadi ya mtu aliyeficha kosa lake kwa mafuta machafu.

Atakasirika, na ana haki. Huenda akavua kandambili akurushie. Usikimbie, mwanangu, simama kule mwisho wa karakana, na ikikupata katikati ya paji la uso, ushukuru: macho yake ni mazima.