Ulijua Kwamba Haikati

Ifakara, 1994

Baba,

Leo shikamoo sikupi. Miezi mitatu imepita tangu tukuzike Lupiro, na kila anayekuja kutupa pole anakusifu kwa hesabu. "Mwalimu yule hakuwahi kukosea," wanasema. Natoka nje nisije nikawajibu.

Ulikosea, Baba. Na ulijua.

Mwaka jana, kidato cha tatu, uliandika ubaoni y = x² − 4x + 5, ukaniita nichore grafu na kuonyesha inakata wapi mhimili wa x. Nilifanya kama ulivyonifundisha mwenyewe nyumbani: weka x, upate y yake, tia nukta. Sifuri ikanipa tano, moja ikanipa mbili, mbili ikanipa moja. Kuanzia hapo ikapanda: tatu ikanipa mbili, nne ikanipa tano. Nikasema, "Mwalimu, mhimili wa y inaukata kwenye tano. Wa x haiugusi kabisa."

Ukatazama daftari lako. "Inakata kwenye moja na tatu. Rudia."

Nikarudia. Ikawa vilevile.

"Grafu haielei hewani, wewe! Piga magoti."

Nikapiga magoti mbele ya darasa zima mpaka kipindi kikaisha. Tangu siku hiyo shuleni naitwa Hewani. Hata watoto wa kidato cha kwanza wananiita hivyo.

Jioni ulinifuata jikoni, ukasema kwa sauti ya chini Mama asisikie: "Nilinakili vibaya. Ilikuwa kujumlisha tatu, siyo tano. Ulikuwa sahihi." Nikakuomba kitu kimoja tu, useme hivyo darasani. Ukanijibu, "Nikijishusha mbele ya wanafunzi, nani atanisikiliza?" Kesho yake ukaanza mada mpya. Mwaka huu masika yalipoanza, homa ya siku nne ikakuchukua kabla hujasema.

Nisingekupenda nisingekasirika hivi. Ulinipakia kwenye baiskeli mpaka kivukoni ukiniuliza milinganyo, nikipatia unacheka peke yako. Baba yule alikuwa wapi siku ile?

Mwalimu mpya hajaletwa. Mkuu wa shule ameniomba mimi wa kidato cha nne niwasaidie kidato cha tatu. Jumanne niliandika ubaoni mlinganyo uleule. Nikawaambia, "Niliadhibiwa kwa grafu hii. Mwalimu alinakili namba vibaya, baadaye akajua."

Msichana mmoja akasimama. "Dada, marehemu hasemwi vibaya."

"Basi usimseme. Chora."

Wakachora wote. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Haikati, dada." Alisema kama anayeungama.

Nilidhani ningefurahi. Nilikwenda nyuma ya darasa nikalia, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Habari zilimfikia Mama kabla sijafika nyumbani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Alijua?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini mlangoni, ungo wa mchele mapajani, asichague hata punje.

Sijakusamehe. Nataka kuwa mwalimu, Baba, na nitakuwa. Siku nitakayokosea, mwanafunzi akinisahihisha, nitamwambia palepale, mbele ya wenzake, kwamba yeye ndiye sahihi. Hilo nakuahidi, upende usipende.

Jumapili Mama anavuka mto kuja Lupiro kufyeka kaburi lako. Mimi sitakuja naye. Nitakuja peke yangu, hasira ikipungua, bila kusukumwa na mtu. Pumzika mpaka siku hiyo.

Binti yako,
Tekla