Kelele Niliyopiga Winson Green

Angie, toka hapo jikoni kwangu usome hii peke yako. Magdalene asione.

Polisi wamembeba mume wake Barnabas. Na ni mimi nimesababisha.

Tumeshuka tramu hapa kituo cha Winson Green, mimi, Barnabas na rafiki yake Ronny, tukija kula na nyinyi. Nageuka, naona mzungu anakimbia na mkoba wangu mkononi. Sikufikiria. Nikapiga ile kelele ya kule nyumbani, soko la Gikomba, mwizi, mwizi.

Wewe unajua mtu wetu akisikia hilo neno. Barnabas hakuuliza swali. Alimwangusha kwa ngumi, Ronny akaingia na mateke. Kichwa chake kiligonga nguzo ya chuma, nikakisikia. Damu mpaka kwa viatu vyangu. Nikasema inatosha, Barnabas akasema, "Ngoja kwanza ajifunze."

Yule mtu, mdomo umepasuka, akaninyooshea mkoba. Mimi. "Uliusahau kwenye kiti cha tramu, dada."

Kwenye kiti, Angie. Alikuwa ananikimbilia anirudishie.

Ambulensi imemchukua hafungui macho. Ronny ametoroka. Polisi wakauliza nani mwingine alihusika. Barnabas akaniangalia, akasema, "Ni mimi tu. Huyu mama hata simjui."

Huyu mama hata simjui. Na mimi nikanyamaza, wakaniachilia niende.

Sasa niko mlangoni. Nasikia mmejaa humo ndani, na Magdalene ndiye anacheka kuliko wote.

Zima muziki, Angie. Peleka watoto juu. Naingia kumwambia mwenyewe, halafu unisindikize polisi.