Kamera Uliyonitumia

Moshi Mjini,
14 Machi, 2004

Kaka yangu Ebenezeri,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe pamoja na wifi na watoto, na joto la Dar liwe limewaonea huruma kidogo. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipigwa jua linanyamaza, na ibada ya Jumapili hakosi. Mvua imeanza kugusa Marangu, na Mama anasema kahawa itachanua vizuri mwaka huu tusipoitia maneno. Filemon naye anakusalimu. Najua hupendi nimtaje, lakini ni mtoto wa Baba kama sisi, hata kama mama yake ni wa Kilema, na ndiye anayemkatia Mama majani ya ng'ombe mpaka leo. Ukoo utakaa Jumatatu ya Pasaka kuamua kama kile kihamba cha chini, shamba la migomba la Baba, ni chake au si chake. Hilo unalijua kuliko mimi, maana kikao umekiitisha wewe.

Baada ya salamu, nikuombe radhi kwa ukimya. Kamera niliipata tangu mwisho wa Januari, kondakta wa basi alinikabidhi mkononi, haina hata mkwaruzo. Simu zako nimeziona na nimeziacha ziite. Haya niliyo nayo yanataka karatasi.

Unanifahamu nilivyo. Baba alikuwa akisema kwamba mimi nikipewa yai la kuchemsha, nalipasua kwanza nione kama lina kiini ndipo niseme ahsante. Basi nilipofungua boksi nikakuta kamera mpya ya dijitali, na kikaratasi chako kwamba ni zawadi, na kwamba kwa kuwa mambo ya mikanda yamepitwa na wakati nikutumie zile negativu za mazishi ya Baba ukazihifadhi kwenye kompyuta, nilifurahi siku nzima. Kesho yake nikaanza kupasua yai. Usikasirike, kaka. Wewe ni mtu mwema, lakini mkono wako haufunguki hivi hivi. Harusi ya ndugu yetu Grace ulichangia jogoo, na jogoo mwenyewe ulimkamata bandani kwa Mama.

Hata hivyo shaka yangu haikuanzia kwako. Ilianzia kwa Nikunj, yule mwenye duka la vifaa vya picha ninakopeleka mikanda yangu kusafishwa. Lenzi yangu ya zamani imeingia kuvu ndani, kila bibi arusi anatoka kama amesimama kwenye moshi wa jikoni, na tangu mwaka jana nilikuwa nikijiwekea akiba ninunue nyingine. Nikunj alikuwa na mbili kwenye kabati la kioo. Moja ndefu, ya kuvuta uso wa mtu karibu ukatoka laini wenye heshima. Nyingine fupi, ya upana, inayochukua watu wengi hata ukiwa umebanwa na ukuta. Akaniambia kwamba filamu bado ina miaka yake, nisitishwe na maneno ya watu wa Dar.

Nikajiuliza, mfanyabiashara gani anakutuliza namna hiyo bila faida yake? Nikaanza kumchunguza. Siku moja nikamkuta anampigia mtu picha za pasipoti kwa kamera ya dijitali kama yako, anayoificha chini ya meza. Nikaona nimemkamata. Nilimwambia wazi kwamba ananiuzia mimi vitu anavyovikimbia yeye. Nikunj hata hakubabaika. Alisema ni kweli, lenzi zile zimemkalia na angefurahi zitoke, na filamu itakufa, ila haitakufa kabla sijairudisha hela yangu. Akaongeza kwamba ile ndefu hataniuzia hata nikimlazimisha, kwa sababu wateja wangu ni Wachaga, hawapigi picha mtu mmoja, wanajipanga ukoo mzima, na nikiwa na lenzi ndefu nitarudi nyuma hadi nidondoke kwenye mfereji. Nilicheka nikasamehe nusu. Nikamweleza habari za zawadi yako. Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza sawasawa: huyu anayekupa kamera mpya, negativu za zamani anazitakia nini?

Pale machale yakanicheza. Niliondoka nikimlaani Nikunj moyoni kwa kunigombanisha na ndugu yangu, na nikazidi kumshuku yeye.

Ili nikutendee haki, nikaichukua kamera yako kwenye arusi moja huko Kilema. Kusema kweli ni chombo kizuri. Watu walinizunguka wajione nyuma yake papo hapo, hata padri alisogea. Bibi mzaa baba wa bwana arusi, anaitwa Margareta, alikuwa amefumba macho kwenye picha, nikamwambia asijali, nikaifuta mbele yake nimpige nyingine. Akakataa kupigwa. Alisema kama nimemfuta akiwa amesimama hapa ananitazama, nitamfuta mara ngapi akiwa hayupo. Watu walimcheka, nami nilicheka. Jioni ile sikuwa na hamu ya kucheka tena, na sikujua kwa nini.

Jumanne iliyopita ndipo Baba mdogo Basili alipoteremka mjini kunitafuta studio. Nilimwamkia, nikamwagizia chai, lakini chai hakuigusa. Alitoa kwenye koti lake picha iliyowekwa fremu, akaisimamisha mezani, akaniomba nimweleze kama mtu wa kazi. Alisema nakala kama hiyo umewapelekea wazee watatu wa ukoo, kumbukumbu ya marehemu, na kwamba mkewe hataki ikae sebuleni kwa sababu ndani yake msalaba unatembea.

Niliitambua kabla hajamaliza. Ni ile niliyoipiga uani mwaka tisini na tatu, kabla hatujampeleka Baba kaburini, jeneza mbele na watoto wamejipanga nyuma yake. Wewe na Grace mmesimama pale pale nilipowaweka. Mwisho wa mstari, kwenye nyasi, umesimama ule msalaba mweupe wenye jina la Baba. Haujachimbiwa. Haujashikwa na mtu yeyote. Umesimama hewani, na nyuma yake migomba.

Baba mdogo aliniuliza kama ni ishara. Kisha akaniuliza jambo lililoniumiza zaidi. Alisema yeye siku zote alikumbuka kwamba msalaba aliushika Filemon, maana Baba mwenyewe aliagiza hivyo ili ukoo umjue kuwa ni mwanawe, lakini wale wazee wenzake wawili waliokuwapo Baba alipoagiza wamekwisha kutangulia, macho yake na kichwa chake vimechoka, na sasa picha inamwambia kwamba Filemon hakuwapo. Alitaka kujua kama uzee umeanza kumdanganya. Kaka, mzee yule alitembea na Baba na Filemon wakapanda masale, ile miche ya mpaka wa kihamba cha chini, kwa mikono yao, leo amekaa mbele yangu anaogopa kumbukumbu yake mwenyewe kwa ajili ya karatasi.

Nilimwambia ni kosa la usafishaji, aniachie, nitaleta iliyo sawa siku ya kikao. Alipotoka nilifunga mlango nikalia. Nilitoa negativu kwenye kopo la maziwa ninakozihifadhi, nikampelekea Nikunj, na nilisimama nyuma ya mashine yake mpaka ilipotoka, maana hata hapo sikuwa nimemaliza kumshuku. Ikatoka. Filemon yumo. Koti alilovaa ni la Baba, mikono inamfunika vidole, ameushika msalaba kwa mikono yote miwili.

Sasa naelewa kwa nini Krismasi uliiazima picha ile kwenye albamu ya Mama, na kwa nini ilikupasa upate negativu kabla ya Pasaka. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakung'uta nguo za Mhindi wa watu. Sijui ni nani uliyempa kazi ile. Alithubutu kumwondoa mtu, msalaba ukamshinda. Namwelewa. Nani katika sisi angekubali kufuta msalaba wenye jina la marehemu? Hata wewe uliiona picha hiyo ukaiweka fremu hivyo hivyo, kwa kuwa kumwambia afute na msalaba ulimi wako ulikataa.

Nataka ufikirie jambo moja. Katika picha ile mimi simo, kwa sababu nilikuwa nyuma ya kamera nikilia na kupiga. Kama picha ndiyo itakayotuambia nani ni mtoto wa Baba, basi ukimaliza na Filemon, mimi ndiye nitakayefuata.

Kamera yako inarudi pamoja na barua hii. Haina kosa lolote, na siku moja nitanunua yangu kwa hela yangu. Kwa sasa nimechukua lenzi ya upana kwa Nikunj, ile fupi. Jumatatu ya Pasaka nitakuwa uani kwa Mama nayo, tutapanga mstari upya, na safari hii nitamwomba mtu mwingine abonyeze ili nami niwemo.

Mama hajui lolote. Filemon hajui. Baba mdogo anasubiri picha. Picha zote mbili ziko mkobani mwangu, na ipi itakayofika mezani peke yake, au zote mbili pamoja, hilo nakuachia wewe mpaka Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Ndani ya boksi la kamera, chini ya mkanda wake wa shingoni, nimekuwekea jani la isale. Nimelikata mpakani kwenye kihamba cha chini, kwenye mche ambao Baba aliupanda na Filemon. Huhitaji nikukumbushe kwamba anayeomba msamaha hulipeleka kwa aliyemkosea, wala kwamba huyo akiletewa hawezi kulikataa. Litakuwa limekauka kidogo likikufikia, lakini isale ni isale.

Msalimie sana wifi, mwambie vitenge alivyonituma nimevipata kwa rangi aliyotaka. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema mje na sweta, Aprili huku baridi itakuwa imeshuka. Mungu akulinde njiani, maana naamini utakuja.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, hata leo,

Elisifa