Maksai wa Harusi na Timu ya Uholanzi

Jumamosi, 9 Juni 2012. Kanamkemer, Lodwar
Nimefua, nimechota maji, nimemwogesha Akai. Mtoto amekataa nguo, kama kawaida. Baba yake, Ekal, ameshinda akimhubiria jirani habari za Uholanzi. Fainali ya Kombe la Dunia mara tatu: sabini na nne, sabini na nane, elfu mbili na kumi. Nikamuuliza, walilibeba mara ngapi? Hata mara moja. Ila Kombe la Ulaya la themanini na nane walichukua, akasema. Wakati huo mimi nanyonya.

Jioni, kwenye Kombe la Ulaya la mwaka huu, Denmark imewafunga moja bila. Hakula.

Jumatatu, 11 Juni
Harusi yangu na Ekal ni mwisho wa mwezi. Mara mbili tumeahirisha kwa kukosa ng'ombe. Safari hii maksai yupo, mweusi mwenye baka jeupe, amenunuliwa Lokichar. Asipochomwa mkuki mbele ya boma la Baba yangu, mimi si mke, na Akai ni mtoto wa Baba, si wa Ekal. Ndivyo ilivyo kwetu. Natamani siku zikimbie.

Alhamisi, 14 Juni
Ujerumani nao wamewapiga, mbili kwa moja. Ekal anasema hasira zote zitawaishia Ureno. Kuna jambo. Hanitazami machoni.

Jumamosi, 16 Juni
Amesema mwenyewe, akiwa amenipa mgongo. Amemweka maksai dau kwenye kamari. Na Majok, rafiki yake Msudani Kusini mwenye duka Kakuma, shabiki wa Ureno. Eti Uholanzi wakishinda kesho apate maksai wa pili, Baba afurahi zaidi. Mjinga. Nimemwambia hivyo hivyo.

Jumatatu, 18 Juni
Jana Uholanzi walifunga kwanza. Nilisikia kelele za banda la video, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Mimi, nisiyejua hata kuotea ni nini. Kisha Ureno wakasawazisha. Kisha la pili. Mechi tatu, pointi sifuri.

Ekal alirudi akakaa mlangoni. Sikumpa hata maji.

Jumatano, 20 Juni
Majok amemkataa maksai! Hakujua ni wa harusi. "Kwetu pia ng'ombe wa kuolea hachezewi," amemwambia Ekal kwa simu. "Mpeleke ulikoahidi." Nimelia kwa furaha.

Jumamosi, 23 Juni
Baba amesikia. Lodwar haina siri. Maksai aliyepotezwa kwenye mpira ni wa aliyeshinda, amesema, hachomwi mkuki mbele ya boma lake. Nimemwomba. Mama amemwomba. Hasikii. Amekuja mwenyewe kutuchukua, mimi na Akai. Nina hasira nao wote wawili, yeye na Ekal.

Jumapili, 1 Julai. Bomani kwa Baba
Jana ndiyo ingekuwa harusi. Leo ni fainali, Uhispania na Italia. Sijauliza.

Ekal alikuja mchana. Mpira hakuutaja. Baba alimkaribisha vizuri, akampa chai kwa kikombe cha wageni. Akanywa, akasema ejok, yaani njema, akashukuru. Alipoinuka kwenda, Akai alimpungia mkono. Kisha akarudi mapajani mwa Baba, akamwita baba.